Denis Burkitt wa Mulago: imani ya daktari aliyependa kuuliza

Katika makanisa yetu ya Afrika Mashariki, tunapowakumbuka madaktari Wakristo waliotutangulia, mara nyingi tunawakumbuka kwa majengo waliyoyaacha na kwa sala walizoomba kabla ya kushika kisu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyeitambua saratani ya watoto ambayo leo inaitwa kwa jina lake, hakujenga hospitali. Hakuwa hata mmisionari kwa maana ya kawaida ya neno hilo, kwa kuwa alikuwa mwajiriwa wa idara ya tiba ya serikali ya kikoloni ya Uganda, akipokea mshahara wake kama maofisa wengine. Hata hivyo, kwa maoni yangu, miongoni mwa madaktari wa karne iliyopita waliofanya kazi katika ukanda wetu, ni wachache ambao imani yao iliingia ndani ya kazi yenyewe kama ilivyoingia katika kazi yake. Ninaiona katika namna alivyouliza maswali, alivyowasikiliza watu ambao wakubwa wenzake hawakuwasikiliza, na alivyogawa sifa zilipokuja.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James, alikuwa mhandisi aliyesimamia barabara za wilaya ya Fermanagh, lakini wataalamu wa ndege wanamjua kwa jambo lingine. Aliwavisha pete miguuni ndege wadogo aina ya robini waliokuwa wakiishi kwenye bustani yake, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anamiliki eneo gani na mpaka wake unaishia wapi. Hakuwa na maabara wala shahada ya biolojia. Alikuwa na macho, daftari na uvumilivu, na alipochapisha matokeo yake wataalamu wakayasoma kwa heshima. Ninalitaja hili mapema kwa sababu mtoto wake alikuja kufanya jambo lile lile kwa ugonjwa wa watoto wa Afrika, na kwa vifaa visivyozidi vile vya baba yake.

Akiwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa katika ugomvi wa wanafunzi lilivunja miwani yake, na jicho moja likapotea. Mwaka 1929 aliingia Trinity College mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Huko alialikwa katika kikundi kidogo cha wanafunzi waliokutana kusoma Biblia na kuomba katika chumba nambari 40, na hapo ndipo alipomkabidhi Kristo maisha yake kwa hiari yake mwenyewe, licha ya kwamba alikuwa amelelewa katika nyumba ya wacha Mungu. Muda si mrefu akauacha uhandisi akaanza udaktari, akiamini kwamba huko ndiko alikoitwa. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata sifa za kuwa daktari wa upasuaji mjini Edinburgh. Alipoomba kazi katika utumishi wa makoloni alikataliwa, kwa hoja kwamba mpasuaji mwenye jicho moja hafai kupelekwa Afrika.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomleta. Jeshi lilimkubali, na baada ya kumwoa Olive Rogers, muuguzi, mwezi Julai 1943, alipelekwa Afrika Mashariki wakiwa bado maharusi wapya. Nairobi haikuwa ngeni kabisa kwa ukoo wao, kwani ndugu wa baba yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari aliyejulikana sana mjini humo tangu miaka ya 1910. Likizo moja ilimfikisha Uganda, akaipenda. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi ya utumishi wa makoloni, safari hii akiitaja Uganda kwa jina, na mwaka 1946 akapangiwa Lira, katika nchi ya Walango.

Ningependa msomaji atulie kidogo hapa Lira, kwa sababu waandishi wengi hukimbilia Hospitali ya Mulago, Kampala. Huko alikutana na wanaume wengi wenye mabusha. Mpasuaji yeyote angewapasua kwa zamu, akashukuru kwa kupata mazoezi, na mambo yakaishia hapo. Burkitt aliwapasua, lakini pia alimuuliza kila mmoja anatoka kijiji gani. Majibu yalipokusanyika aligundua kwamba karibu wote walitoka upande mmoja wa wilaya, na kwamba upande wa pili ugonjwa ulikuwa nadra. Kwa wakati huo hakuwa na maelezo kamili ya sababu, ambayo sasa tunajua inahusiana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Alichokuwa nacho ni swali ambalo kila mgonjwa, awe amesoma au hajasoma, angeweza kulijibu: unatoka wapi? Mtu anayemwuliza mgonjwa swali kama hilo na kuandika jibu lake amekubali kwamba mgonjwa ana kitu cha kumfundisha. Mimi hilo naliita unyenyekevu, na sidhani kwamba linatengana na saa aliyokuwa akiitenga kila asubuhi kwa ajili ya kusoma Biblia na kuomba kabla ya kwenda kazini.

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago, Kampala. Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari mwenzake ambaye baadaye alipata kuwa kasisi wa Kianglikana, alimwita aje kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyekuwa amevimba uso. Uvimbe ulikuwa pande zote mbili za taya, la juu na la chini, na meno yalikuwa yamelegea yakiwa hayana mahali pa kushika. Burkitt hakuwahi kuona jambo la namna hiyo. Maambukizi ya mfupa hayashambulii pembe nne za taya kwa mpigo, na saratani waliyoizoea haikuwa na tabia hiyo. Aliupiga picha uso wa mtoto na kukiri kwamba hajui.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akizungukia wodi katika hospitali ya wilaya. Alipotupa macho dirishani alimwona mtoto mwingine ameketi kwenye nyasi pamoja na mama yake, akiwa na uso ule ule. Alitoka nje kwenda kumpima, na mikono yake ikakuta pia uvimbe tumboni. Tangu siku hiyo ilikuwa vigumu kuamini kwamba ni jambo la bahati mbaya. Aliporudi Mulago alianza kupekua mafaili ya zamani, na watoto wengi waliokuwa na uvimbe wa taya walikutwa na uvimbe mahali pengine pia: kwenye figo, ini, ovari au mgongoni. Madaktari kabla yake walikuwa wameviandika vipande vyote hivi kama magonjwa mbalimbali, na hata Albert Cook wa Hospitali ya Mengo, aliyefika Uganda miaka sitini kabla, alikuwa ameacha kumbukumbu za watoto wa namna hiyo. Burkitt aliona kwamba ni ugonjwa mmoja, na mwaka 1958 akachapisha taarifa yake ya kwanza. Wanapatholojia wa Mulago, hasa Jack Davies na Gregory O'Conor, ndio waliothibitisha kwa hadubini kwamba ilikuwa limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili. Leo dunia nzima inaiita limfoma ya Burkitt.

Alichofanya baada ya hapo kilikuwa rahisi kiasi kwamba mtu anaweza kukidharau. Alichapisha karatasi zenye picha za watoto wale na swali fupi, je, mmewahi kumwona mtoto kama huyu?, akazituma kwa zaidi ya hospitali elfu moja za serikali na za misheni barani Afrika. Majibu yaliporudi alichoma pini kwenye ramani ukutani. Pini zilijipanga katika mkanda mpana uliovuka bara zima pande zote mbili za ikweta, huku mkia wake ukishuka kuelekea Msumbiji. Ili kuujua mwisho wa mkia huo alihitaji kwenda mwenyewe.

Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na Ted Williams, daktari wa misheni katika hospitali ya Kuluva, West Nile, ambaye pia alikuwa fundi wa magari, na Cliff Nelson, daktari mwenzao. Gari lao lilikuwa Ford ya mwaka 1954 iliyonunuliwa mkononi kwa pauni 250. Walisafiri wiki kumi, maili 10,000 hivi, yaani takriban kilomita 16,000, wakipita Tanganyika katika miezi ile ile ambayo nchi ilikuwa ikijiandaa kupandisha bendera ya Uhuru, kisha Nyasaland (Malawi ya leo), Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini. Walitembelea hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walitoa picha zao na kuwauliza madaktari, wauguzi na watawa swali lile lile, kisha wakaandika jibu, hata kama jibu lilikuwa kwamba hawajawahi kumwona mtoto wa aina hiyo. Gharama ya safari nzima haikufika pauni 700.

Jambo walilogundua bado linanifurahisha kila ninapolisoma. Karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 hivi. Lakini kadiri walivyoelekea kusini, kimo hicho kilishuka, hata ikafika mahali ambapo ugonjwa ulibaki kwenye tambarare za pwani tu. Maana yake ni kwamba mlima haukuwa kizuizi. Kizuizi kilikuwa baridi. Ugonjwa ulihitaji joto na mvua, na Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe akaona mara moja kwamba ramani hiyo inafanana na ile ya magonjwa yanayoenezwa na mbu. Burkitt alidhani kwamba mbu hubeba virusi vya saratani yenyewe. Katika hilo alikosea, na alipoonyeshwa ushahidi mwingine aliukubali bila kinyongo. Mbu walikuwemo kweli, lakini kwa njia ya malaria, ambayo ikimrudia mtoto mara kwa mara huivuruga kinga yake na kuifungulia saratani mlango.

Virusi vilipatikana London. Mwezi Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyeondoka ukumbini akiwa ameamua kuacha kazi nyingine zote. Kwa muda wa miaka miwili vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na kwa muda wote huo havikuonyesha kitu. Kisha kifurushi kimoja kikacheleweshwa na ukungu, ndege ikatua Manchester badala ya London, na kilipofika maabara maji yake yalikuwa yamechafuka kiasi cha kutaka kutupwa. Uchafu huo ulikuwa chembe za saratani zinazoelea, zikiwa hai. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza virusi walivyoviona ndani yake, vya kwanza kabisa kuhusishwa na saratani ya binadamu. Vinaitwa virusi vya Epstein-Barr, na watu wengi duniani wanavyo bila kudhurika.

Mchango wa Burkitt ambao wazazi wa Uganda wangeuthamini kuliko yote ulikuwa katika tiba. Upasuaji wa taya uliwaharibu watoto sura bila kuwaponya, na mashine ya mionzi haikuwepo Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliomba dawa mpya za saratani kutoka Marekani na Ulaya, miongoni mwazo methotrexate na cyclophosphamide, akawapa watoto waliokuwa wakikaribia kufa. Wengine walirudiwa na uso wao ndani ya siku chache, na baadhi yao hawakuugua tena. Wakati huo wataalamu wengi wa nchi tajiri walikuwa hawaamini kwamba dawa peke yake inaweza kuponya saratani. Mwaka 1967, baada ya yeye kuondoka, kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, na ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo.

Wapo wanaosema, na wana haki ya kusema, kwamba hadithi za namna hii humtukuza daktari Mzungu na kuwasahau Waafrika. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Watoto wa Mulago na Jinja hawakuulizwa kama picha zao zizungushwe duniani. Wauguzi na wasaidizi wa tiba wa Uganda waliowashika, kuwatafsiria na kuwalisha watoto hao hawajaandikwa vitabuni kwa majina. Burkitt alifanya kazi ndani ya utawala wa kikoloni na alinufaika nao. Hayo yote yanapaswa kusemwa kanisani pia, tena kwa sauti ile ile tunayomsifia. Lakini ninapomlinganisha na watu wa wakati wake, naona kwamba alipopewa heshima kubwa, ikiwa ni pamoja na tuzo ya Lasker ya utafiti wa tiba na kuingizwa katika Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza, mwaka 1972, aliendelea kuwataja Trowell, Williams, Nelson, Davies, O'Conor na Haddow, na kusisitiza kwamba yeye alipokea tu vitu vilivyokwisha kuandaliwa na wengine. Alipenda kufundisha kwamba nia ina uzito kuliko mbinu, na tabia ina uzito kuliko akili. Wanafunzi wa udaktari husikia maneno kama hayo kila mwaka siku ya mahafali. Kwake yeye yana ushahidi wa ramani, barua na majina ya watu.

Mwaka 1966 aliondoka Uganda na familia yake. Nchi ilikuwa imepata uhuru na nafasi za juu zilikuwa zikielekea kwa wenyeji, jambo aliloliona kuwa sahihi. Huko Uingereza alianza, akiwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini na mitano, kazi ya pili ambayo Wazungu wanamjua zaidi kwayo. Katika miaka yake ishirini ya upasuaji Uganda ni mara chache aliona kidole tumbo, bawasiri au mawe ya nyongo, magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza. Kwa msaada wa maandishi ya Peter Cleave, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, na pamoja na Trowell na mtafiti Alec Walker wa Afrika Kusini, alijenga hoja kwamba chakula kilichokobolewa, kisicho na nyuzinyuzi, ndicho kilichokuwa kikiwaumiza watu wa Magharibi. Aliuliza tena hospitali za vijijini, akazungumza bila haya juu ya uzito wa choo cha mkulima wa Uganda ukilinganishwa na cha baharia wa Kiingereza, na akawaambia madaktari wenzake kwamba wamekuwa wakipiga deki sakafu iliyofurika huku bomba likiendelea kutiririka. Hoja yake aliipanua mno mahali pengine, na tafiti za baadaye hazijaunga mkono kila alichodai. Lakini sisi tulioanza kuona dona kama chakula cha maskini na sembe nyeupe kama maendeleo, sasa tuna kisukari na bawasiri mijini mwetu, na mzee huyo alituonya tangu miaka ya 1970 kwa kutumia chakula cha bibi zetu kama mfano wa kuigwa.

Nyumbani alikuwa mume wa mke mmoja kwa karibu miaka hamsini, baba wa binti watatu, kisha babu. Olive ndiye aliyebeba nyumba wakati mumewe yuko barabarani, kwanza kwenye vita, kisha kwenye safari za pini na ramani, kisha kwenye mihadhara isiyokwisha, na sioni namna ya kuyasifu maisha ya Burkitt bila kusema kwamba nusu ya gharama yake ililipwa na mwanamke huyo. Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82, huko Gloucestershire.

Limfoma aliyoieleza bado ni miongoni mwa saratani zinazowapata sana watoto katika maeneo yetu yenye malaria nyingi, hasa ukanda wa Ziwa Victoria na pwani. Hukua haraka kiasi kwamba uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Dalili zake ni zile zile za mwaka 1957: meno yanayolegea kwa mtoto asiye na umri wa kung'oka meno, taya linalovimba bila maumivu makubwa, jicho linalotokeza, tumbo linalojaa ghafla. Mara nyingi mzazi huanzia kwa mng'oa meno, kisha kwa mganga wa kienyeji, kisha zahanati, na mtoto anapofikishwa Muhimbili, Bugando au Mulago wiki za thamani zimekwisha kupita. Cyclophosphamide aliyoiomba Burkitt kwa barua bado ndiyo nguzo ya matibabu, na imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani. Katika nchi tajiri watoto walio wengi sana hupona. Kwetu wanapona wachache kuliko inavyowezekana, na sababu kubwa ni kuchelewa, nauli, na familia kulazimika kukatisha dozi ili kurudi shambani. Jumuiya zetu za makanisa, ambazo huchanga bila kusita kwa ajili ya msiba, zina uwezo wa kulipa nauli hiyo mapema, wakati mtoto angali anaweza kutibiwa.